Whispers: mpwa wangu aanze na kitabu kipi cha Wahome Mutahi?

Boksi_la_Viatu:
Wadau, nina mpwa wa miaka 19. Wahome Mutahi, mwandishi wa Kenya aliyetuchekesha gazetini kwa jina la Whispers, alifariki Julai 2003, binti huyu hajazaliwa, na juzi kaniuliza eti Whispers ndiye nani. Nilikosa jibu kwa mshtuko. Mimi namsoma tangu darasa la tano. Baba akiingia na Sunday Nation tuligombania ukurasa mmoja tu, aliyeshindwa akasomewa. Mpaka leo nina boksi la viatu lenye vipande nilivyokata kwa wembe. Kimoja kina doa kubwa la mafuta, maana mama alikifungia mandazi kabla sijakiokoa. Nusu ya chini haisomeki, kwa hiyo sijui Thatcher, yule mke wa Whispers kwenye safu, alimwambia nini mumewe aliporudi usiku ule.

Nataka kumnunulia kitabu kimoja. Nawaza How to Be a Kenyan (1996), Jail Bugs (1992) au Three Days on the Cross (1991). Aanze na kipi?

MwalimuMstaafu:
How to Be a Kenyan, wala usijiulize mara mbili. Unaanza kwa kumcheka jirani, ukigeuza ukurasa unajikuta mwenyewe umevuliwa nguo. Nilikuwa nawasomea wanafunzi Ijumaa kipindi cha mwisho, wakati hata mimi sina nguvu za kufundisha.

Ila nikiri: hakifikii zile safu za Jumapili. Kule ulikuwa unaingia nyumbani kwa mtu. Kuna Thatcher na amri zake, kuna binti anayeitwa the Investment, kuna mama mzazi Appepklonia, yaani Apolonia aliyepitia kwenye ulimi wa Mgikuyu. Jina hilo peke yake lilinichekesha miaka kumi.

Dereva_Namanga:
Mimi ni Mtanzania, gazeti nilikuwa nalipata mpakani nikisubiri karatasi za mzigo. Mambo ya nyumbani niliyaelewa yote, mke mkali hana pasipoti. Ya siasa yenu yalinipita. Kama huyo mpwa hajui Kenya ya miaka ya themanini, yatampita vilevile.

BintiMvita:
Ndiyo maana aanze na Three Days on the Cross. Mnamzungumzia huyu mtu kama mchekeshaji wa harusini! Alikamatwa 1986 akihusishwa na Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali ya Moi, akapitia seli za mateso za Nyayo House jijini Nairobi, akafungwa. Akitoka anarudi kutuchekesha kila Jumapili. Msichana wa miaka 19 si mtoto, mpeni kitabu chenye uchungu wenyewe, watu wanaokamatwa na kuteswa. Akisoma vichekesho baadaye atavisikia tofauti.

MwalimuMstaafu:
Bi Mvita, hoja nzuri, lakini utamfukuza. Ameuliza juu ya mtu aliyemfanya mjomba wake acheke, wewe unamtia seli usiku wa kwanza. Basi tukutane katikati: Jail Bugs. Jela ipo, na jina lenyewe ni la wadudu wa jela.

BintiMvita:
Katikati naweza kufika. Lakini Three Days kiwe cha pili, si cha “siku moja nikipata nafasi”.

Dereva_Namanga:
Na hilo boksi je? Kwa nini ununue wakati Whispers mwenyewe yuko chini ya kitanda?

Boksi_la_Viatu:
Mrejesho. Jail Bugs nimekipata kwa muuza vitabu vya mitumba kando ya barabara, jalada limeshikwa na selotepu. Nafika nacho nyumbani, nakuta mpwa ameshalifungua boksi, vipande vimetapakaa juu ya meza, anamsomea bibi yake. Alipofika kwenye doa akatunga maneno ya Thatcher kichwani mwake. Mama akacheka, akamwambia, “Hakusema hivyo.”

Kumbe alikisoma chote kabla ya kufungia mandazi. Miaka yote hii! Nimembembeleza aniambie, amekataa.