Likizo siku 9 za kuangalia treni tu: Moro, Moshi, Nairobi, Mombasa. Nipeni ramani

kichwa_cha_dizeli:
Wakuu habari za leo. Mimi ni mgonjwa wa treni, yaani wenzangu wakipata likizo wanaenda Zanzibar kuogelea, mimi nakaa pale stesheni ya Moro kusubiri mchongoko (ile treni ya umeme ya SGR) uingie alafu narudi nyumbani nimeridhika. Mwezi ujao nina siku 9, nataka nizunguke kidogo nje ya nchi. Nimepanga hivi, SGR Moro hadi Dar, pale napanda treni ya Arusha ile ya reli ya zamani nashuka Moshi, navuka Kenya, napanda Madaraka Express, treni ya SGR ya Kenya, Nairobi hadi Mombasa, narudi kwa basi mpakani Horohoro, Tanga, nyumbani. Sasa maswali. Hivi Moshi kwenda Kenya hakuna treni kabisa? Kwenye ramani naona reli inapita Taveta. La pili ni picha, mana mwaka jana kuna stesheni moja siitaji askari alinisimamia nikafuta picha zote, mpaka za harusi ya dada yangu zikaenda.

babu_mataruma:
Pole kwa harusi 😂
Reli ya Taveta ipo kweli, Waingereza waliitandaza wakati wa vita ya kwanza wakimfuata Mjerumani, kutoka Voi mpaka ikaungana na ya Tanga pale Kahe, ila treni ya abiria usiisubiri, hamna. Kipande hicho utatembea kwa gari tu kupitia Holili.
Treni ya Arusha kata daraja la pili kulala, usijifanye mgumu ukakaa usiku mzima. Na ukae kulia, mana ukishapita Korogwe milima yote ya Usambara na baadae Upare inakuwa upande huo, kukipambazuka mkiwa huko utanishukuru. Siku za safari ulizia stesheni kabla hujaomba likizo, maana haiendi kila siku.

msee_wa_stima:
Karibu Kenya bana. Lakini mbona uende Nairobi kwa basi na uko Taveta tayari? Chukua gari hadi Voi, hapo lami iko sawa, ulale, asubuhi uingie Madaraka ile ya Inter-County. Hiyo ndio inasimama stesheni ndogo ndogo, Mtito Andei, Kibwezi, Emali, ile Express itakupitisha tu kama umelala. Na Tsavo unaipita mchana, ndovu wekundu kwa dirisha, na reli ya zamani inaonekana pembeni mara iko mara imepotea. Stesheni ya Voi iko nje kidogo ya mji so tafuta boda. Fika mapema sana, mizigo inapangwa chini kwa laini mbwa wa polisi wainuse ndio uruhusiwe kuingia, usicheke mbwa.
Ukishuka Nairobi ujue uko Syokimau bado si tao, kuna treni ingine ya kukuingiza tao, si hata hiyo ni hesabu yako?
Alafu Railway Museum usiikose, iko tu nyuma ya stesheni ya zamani. Kuna 5918 Mount Gelai, stima, yaani kichwa cha mvuke, ya aina ya Garratt, tani 252, hakuna stima ya geji ya mita (reli yenye upana wa mita moja) ilikuwa kubwa kuliko hizo za daraja la 59. Ilitengenezwa Manchester miaka ya 50, ikavuta mizigo Mombasa–Nairobi. Kuna pia behewa ambamo simba alimtoa afisa wa polisi anaitwa Ryall mwaka wa 1900 pale Kima, wazungu watatu walikuwa wanamvizia simba wakalala, simba ndio akawavizia.

babu_mataruma:
@msee_wa_stima na hao 59 walipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Gelai iko kwetu, karibu na Ziwa Natron. Mwenzake 5930 ni Mount Shengena, naye yuko hapo hapo Nairobi, na Shengena ndio kilele cha Upare utakachopita kabla ya Same. Kwahiyo mlima unauona ukiwa kwenye behewa alafu unaenda kumuona aliyebeba jina lake.

geji_1067:
Mimi nauliza, mtu yuko Moro anaenda Nairobi kutafuta nini wakati Kidatu iko mkoani kwake?? Mkuu nchi hii ina geji tatu, kwa milimita: SGR 1,435, reli ya kati 1,000, TAZARA (reli ya Tanzania na Zambia) 1,067. Kidatu ndio geji ya mita ya kutoka Kilosa inakutana na TAZARA na mzigo unahamishwa kutoka behewa hili kwenda lile, tofauti ni milimita 67 tu, upana wa vidole vitatu vinne, lakini behewa haliwezi kuvuka. Panda basi la Ifakara, unashuka pale pale. Halafu TAZARA yenyewe panda siku moja mpaka Makambako, kuanzia Mlimba ni mahandaki na madaraja, kichwa kinapanda kama mtu amebeba gunia.
Picha: nenda kwa stesheni masta kwanza, msalimie, mwambie wewe ni mshabiki, muonyeshe picha zako za zamani. Usianze na kamera. Na usipige daraja wala mtu mwenye sare.

kichwa_cha_dizeli:
@geji_1067 umenitia aibu, miaka yote hii Kidatu napita na basi nimelala. Jumamosi hii naenda, mzunguko mkubwa unabaki pale pale ila nafanya kama alivyosema msee, Moshi, Voi, Nairobi, alafu nashuka na Express Mombasa. Picha za harusi nimepata kwa shemeji.
Wife ameuliza Nairobi naenda kufanya nini, nikamwambia naenda kuangalia Mlima Gelai. Amefungua ramani kwenye simu sasa hivi, ananiangalia tu.