Ushauri: Darasa la pili wanaimba "ba be bi bo bu" lakini hawasomi

Kizibo_Chekundu:
Wakuu, habari za majukumu. Darasa la pili, watoto 84, mwalimu mmoja, kipindi dakika 30. Wengi wanaimba chati ya silabi mwanzo hadi mwisho bila kukosea, ila ukiandika "kalamu" ubaoni wanakutazama tu. "Mtoto" wanasoma "matoto". Kitabu kimoja wanashika wanne. Nianzie wapi?

Mwl wa Awali:
Pole na kazi, mwalimu. Hao wamekariri wimbo. Kwenye chati mtoto akishajua "ba", nne zinazofuata ulimi unamalizia wenyewe bila jicho kufanya kazi.

Usibadili mbinu kabla hujapima. Karatasi moja tu: herufi 10 zilizochanganywa, silabi 10 zisizofuatana (ku, le, mo, ti…), maneno 5, sentensi 2 fupi. Mwite mmoja mmoja, dakika 2. Akikosa 3 katika herufi, silabi au maneno, simamisha. Hapo ndipo alipokwama. Ukiita 15 kwa siku wenzao wakiandika, siku 6 za masomo umemaliza. Gawa makundi ya herufi, silabi, maneno na sentensi, uyaite kwa rangi. Tafadhali sana, kundi lisiitwe "wasiojua". Mtoto akishapewa jina hilo hafungui mdomo tena.

Silabi Tatu:
Kundi la herufi litakuchosha kama watoto wamefundishwa majina ya herufi badala ya sauti. Anayeijua b kama "be" akikutana na b na a anasema "bea", na kwa alivyofundishwa hajakosea.

Anza na irabu 5, kisha sauti zinazovutika: m, l, n, s. "Mmmm-aaa" mtoto anasikia zinavyoungana. K na t zinakatika mapema, zifuate baadaye. Kwa herufi hizo 11 tu tayari una mama, meli, simu, kiatu, sikio, samaki, nanasi. Asome maneno wiki hizo hizo, asisubiri alfabeti iishe. Na b usiifundishe pamoja na d. Acha wiki 2 katikati.

Mwl wa Awali:
Vizibo vya soda vilivyoandikwa herufi vinafaa sana kuundia maneno, ila chora kistari chini ya kila herufi. Kizibo ni duara: kikigeuka, n inakuwa u, d inakuwa p, na mtoto anakosea bila kosa lake. Vizibo 40 kwa kundi la watoto 6, irabu ziwe nyingi kuliko konsonanti. A peke yake weka 6.

Pwani_Elimu:
Kuhusu "matoto": wamezoea kwamba kila konsonanti lazima ifuatwe na irabu. Tumia makofi kabla ya maandishi. M-to-to, makofi matatu. M-ti, mawili. M inapata kofi lake yenyewe. Kisha mbu-zi, mawili pia, lakini hapa mb inakwenda kwa kofi moja. Wakishasikia tofauti, ndipo uandike. Ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma nazo zifundishe jozi, sikio kwanza.

Ila chati usiitupe. Isomeshe kutoka chini kwenda juu, au onyesha kwa fimbo ukiruka-ruka. Chati ile ile, wimbo unakufa.

Kizibo_Chekundu:
Asanteni sana. Nikiwa na kundi la herufi, wanaosoma sentensi wafanye nini?

Silabi Tatu:
Wanne kwa kitabu kimoja: mmoja anasoma akipitisha kidole, watatu wanafuata kwa macho, kila sentensi kitabu kinahama. Kisha wanafunika na kuandika sentensi moja kwa kukumbuka, wanafunua na kusahihishana. Dakika 12 zinapita bila wewe.

Punguza kuitikia darasa zima. Watoto watano wenye sauti kubwa wanawaficha wengine wote. Baada ya wiki 4 pima tena kwa silabi na maneno mapya. Ukirudia karatasi ile ile, utakuwa unapima kumbukumbu. Na anayesema "rara" badala ya "lala" kwa sababu ya lugha ya nyumbani usimhesabie kosa la kusoma. Mwonyeshe picha ya aliyelala. Akijua maana, amesoma.