Ada ya chuo inapandishwa mtoto akiwa mwaka wa pili, kikomo kiko wapi?

Wakuu habari za usiku. Nina hasira, mtanivumilia.

Mdogo wangu yuko chuo binafsi, jina la chuo nalihifadhi. Mimi ndiye baba na mama yake, nauza dagaa mwaloni Kibirizi hapa Kigoma. Alipochaguliwa, karatasi ilisema ada 1,300,000 kwa mwaka. Nikapiga hesabu ya magunia, nikasema tutabanana. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika likafungwa, hakuna kuvua, kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, nikala akiba yote, bado nikampeleka.

Sasa yuko mwaka wa pili. Kafungua akaunti yake ya chuo, anakuta 1,550,000. Barua hakuna, kikao hakuna. Kapiga simu uhasibu, anajibiwa: "Ndiyo ada mpya hiyo, kontroo namba si umeiona?"

Chini ya ada kuna usajili, mitihani, serikali ya wanafunzi, "maendeleo ya chuo", na kitambulisho kipya wakati cha mwaka jana picha bado inaonekana vizuri tu! Nimejumlisha mara tatu: 412,000. Bodi ya Mikopo imempa sehemu ya ada, hayo mengine yote ni dagaa wangu.

Mtasema chuo binafsi ni biashara. Sheli nayo ni biashara, mbona EWURA wanatoa bei kikomo ya mafuta kila mwezi? Basi ni biashara, mbona nauli inapangwa na LATRA? Uingereza kwenyewe serikali imeweka kikomo cha ada, pauni 9,250 tangu 2017, na 2025/26 ndiyo wakaruhusu 9,535. Sisi tunashindwa nini?

Sikatai mhadhiri alipwe. Ada ipande, ila impandie anayeanza. Treni ya Dar ikifika Tabora, mkaguzi hapiti kwenye mabehewa kudai nauli mpya kwa waliokata tiketi Kigoma. Na kikomo kikiwekwa kihesabu na hiyo michango, la sivyo ada itabaki palepale na kitambulisho kitauzwa laki mbili.

Mitihani imebaki wiki tatu, na asiyemaliza deni haingii chumba cha mtihani.

Aliyewahi kupeleka malalamiko TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, yakafanyiwa kazi aniambie alipitia wapi. Na wale wa "uza shamba", shamba liliuzwa mwaka wa kwanza.