Nani aliwapa wahariri wa kamusi elezo mamlaka ya kuhalalisha uvamizi katika mstari wa "mahali pa kuzaliwa"?

Ndugu wanajukwaa,

Nimelivumilia jambo hili kwa miezi kadhaa nikidhani ni uzembe wa mhariri mmoja tu, lakini baada ya kusahihisha ingizo lilelile mara tatu na kurudishiwa kosa lilelile mara tatu, nimeona nilete malalamiko haya hadharani. Ingizo lenyewe linamhusu mtu aliyezaliwa Tallinn, mji mkuu wa Estonia, katika miaka ya 1970. Niliandika kwamba alizaliwa "Tallinn, Estonia, ikiwa imekaliwa kwa mabavu na Umoja wa Kisovyeti". Haikupita nusu saa, mstari ukawa umerudishwa kuwa "Tallinn, Jamhuri ya Kisovyeti ya Kisoshalisti ya Estonia, Umoja wa Kisovyeti", nami nikaachiwa maelezo mafupi kwamba kamusi elezo haina upande na kwamba inaandika hali kama ilivyokuwa siku hiyo. Ningekubali kukosolewa kwa hoja. Kinachonikera ni kuambiwa kwamba mimi ndiye niliyeleta siasa, ilhali aliyeifuta Estonia na kuweka dola iliyoivamia anajiona kuwa hakugusa chochote.

Tulipime basi hilo dai la kutokuwa na upande. Chukueni ndugu wawili wa tumbo moja, waliozaliwa Tallinn katika nyumba ileile, mmoja Mei 1943 na mwingine Mei 1953. Alipozaliwa wa kwanza, mji ulikuwa mikononi mwa Wajerumani, waliouteka Agosti 1941 na kuitia Estonia, pamoja na Latvia, Lithuania na sehemu ya Belarusi, katika eneo la utawala walilolipa jina la Ostland. Alipozaliwa wa pili, mji ulikuwa mikononi mwa Wasovyeti, ambao jeshi lao liliingia tena Septemba 1944. Fungueni vitabu vya marejeo mtazame wanavyoandikwa watu wa namna hiyo. Katika vingi nilivyovipitia, wa kwanza huandikwa kuwa alizaliwa katika Estonia iliyokaliwa na Ujerumani, na wa pili katika Umoja wa Kisovyeti. Mvamizi mmoja anaitwa mvamizi, na mwingine anapewa mji uwe wake. Kama kanuni ni kuandika nani alikuwa na bunduki mjini siku ile, basi wote wawili waandikiwe mwenye bunduki, na kama kanuni ni kuandika nchi ilikuwa ya nani kisheria, basi wote wawili waandikiwe Estonia. Kuchanganya kanuni mbili kwa ndugu wawili, kisha kusema huna upande, ni dharau kwa msomaji.

Jibu ninalopewa kila mara ni kwamba Ujerumani ilikalia tu, lakini Umoja wa Kisovyeti uliiunganisha Estonia na kuifanya sehemu yake, kwa hiyo hali ni tofauti. Wanaosema hivyo wamesahau, au hawataki kukumbuka, muungano huo ulipatikanaje. Katika mkataba wa Tartu wa tarehe 2 Februari 1920, Urusi ya Kisovyeti yenyewe ilikubali kwamba Estonia ni nchi huru na ikaachana daima na madai yake juu ya ardhi hiyo. Mwaka 1921 Estonia, Latvia na Lithuania ziliingia katika Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa. Tarehe 23 Agosti 1939 Moscow na Berlin zikatia saini mkataba wao pamoja na itifaki ya siri ya kugawana nchi za watu wengine. Juni 1940 nchi zote tatu zikapewa makataa, majeshi yakaingia, na katikati ya Julai wananchi wakapelekwa kwenye uchaguzi ambao orodha ya wagombea iliyoruhusiwa ilikuwa moja. Mabunge yaliyozaliwa na uchaguzi huo yakaomba kuunganishwa, na mwanzoni mwa Agosti ombi likakubaliwa. Hicho ndicho kitendo ambacho mhariri wangu anakiona kuwa kinatosha kuhamisha miji kutoka nchi moja kwenda nyingine katika kitabu chake.

Hata waliokuwapo wakati huo hawakukubali. Marekani ilitangaza tarehe 23 Julai 1940, kabla muungano haujakamilika, kwamba haitautambua, na ikashikilia msimamo huo mpaka mwisho, huku wawakilishi wa nchi hizo tatu wakiendelea kutambuliwa na serikali ya Washington wakati nyumbani kwao hakukuwa tena na serikali ya kuwatuma. Nchi nyingi nyingine za Magharibi zilifanya vivyo hivyo, ingawa Uswidi, ambayo wengi hawaitarajii katika orodha hii, iliutambua. Na wale wanaotaka neno litoke Moscow penyewe, Bunge la Manaibu wa Watu wa Umoja wa Kisovyeti lilitamka tarehe 24 Desemba 1989 kwamba itifaki zile za siri zilikuwa batili tangu siku zilipotiwa saini. Kwa hiyo mhariri wa kamusi elezo ameamua kuwa Msovyeti kuliko bunge la Wasovyeti.

Turudi kwenye hoja ya kuunganishwa, kwa sababu hapo ndipo wanapojikwaa vibaya zaidi. Iraki iliivamia Kuwait tarehe 2 Agosti 1990, ikatangaza kwamba imeiunganisha nayo, na kabla mwezi haujaisha ikaifanya mkoa wake wa 19. Baraza la Usalama, katika azimio namba 662 la tarehe 9 Agosti, lilisema kwamba muungano huo hauna nguvu yoyote ya kisheria. Watoto walizaliwa Kuwait katika miezi ile saba, kwa maana uzazi haungoji majeshi yaondoke. Sijaona hata kitabu kimoja kinachomwandika mtu kuwa alizaliwa Kuwait, Iraki. Italia nayo iliingia Addis Ababa Mei 1936, ikaitangaza Ethiopia kuwa sehemu ya milki yake, na Uingereza ikafikia hatua ya kuitambua hali hiyo mwaka 1938, lakini aliyezaliwa Addis Ababa mwaka 1938 anaandikwa Ethiopia bila mtu kukunja uso. Mwigizaji Catherine Deneuve alizaliwa Paris Oktoba 1943, na msanifu majengo Rem Koolhaas alizaliwa Rotterdam, Uholanzi, Novemba 1944, miji yote miwili ikiwa imekaliwa na Wajerumani, na hakuna anayemkabidhi mmoja wao kwa Ujerumani.

Tukishaondoa hoja ya kuunganishwa, inabaki hoja moja ambayo hawaitamki, nayo ni muda. Kuwait ilikaliwa miezi saba, Ethiopia miaka mitano, Estonia karibu nusu karne. Wanachotuambia, bila kuwa na ujasiri wa kukiandika katika taratibu zao, ni kwamba mwizi akikaa na mali muda mrefu wa kutosha, daftari libadilishwe jina. Naomba yeyote mwenye kujua aniambie muda huo ni upi. Ni miaka 10? Ni 24, kama Indonesia ilivyokaa Timor ya Mashariki, ambayo iliitangaza mkoa wake wa 27 mwaka 1976 huku Umoja wa Mataifa ukiendelea kuihesabu Ureno kuwa ndiyo yenye dhamana ya utawala? Aliyezaliwa Dili mwaka 1985 ana majina matatu ya nchi yanayomgombania, na nimekuta vitabu vinavyochagua moja kana kwamba mengine hayajawahi kuwapo.

Wapo wenye hoja nzito zaidi, nami nitawatendea haki kwa kuijibu kwa urefu. Wanasema cheti cha kuzaliwa cha mtu huyo kilitolewa na ofisi ya Kisovyeti, kimegongwa muhuri wa Kisovyeti, na kazi ya mwandishi wa marejeo ni kufuata nyaraka. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama isingekwisha kuamuliwa mahali pazito kuliko ukurasa wa majadiliano. Umoja wa Mataifa uliivua Afrika Kusini mamlaka juu ya Namibia mwaka 1966, Afrika Kusini ikakataa kuondoka, na tarehe 21 Juni 1971 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikatoa maoni kwamba kuwapo kwake huko ni kinyume cha sheria. Mahakama ikaona mapema swali ambalo lingefuata, kwamba kama utawala ni batili, je, ndoa walizoandikisha na watoto waliosajiliwa nao ni batili? Ikajibu kwamba hapana, uandikishaji wa vizazi, vifo na ndoa uendelee kuheshimiwa, kwa sababu kuukataa kungewaumiza wakazi wenyewe. Tazameni busara iliyo humo. Cheti kinakubaliwa kwa ajili ya mtoto, wala hakimpi mvamizi hati ya ardhi. Kinathibitisha kwamba mtoto fulani alizaliwa siku fulani katika mji fulani kwa mama fulani. Mhariri anayekichukua cheti hicho na kukifanya ushahidi wa mji kuwa mali ya aliyegonga muhuri amekisomea mahali ambapo hapakuandikwa kitu.

Isitoshe, Estonia na Latvia ziliporejesha uhuru wao Agosti 1991 hazikujihesabu kuwa nchi mpya. Zilirejesha uraia kwa wale waliokuwa raia kabla ya Juni 1940 na kwa vizazi vyao, maana yake mtu aliyezaliwa Tallinn mwaka 1977 kwa wazazi wa asili hiyo hakuomba uraia wa Estonia. Alihesabiwa kuwa nao tangu alipozaliwa. Najua, na sitaficha, kwamba uamuzi huohuo uliwaacha nje maelfu mengi ya watu waliohamia huko wakati wa utawala wa Kisovyeti pamoja na watoto wao, na kwamba kwa baadhi yao maneno "Umoja wa Kisovyeti" katika mstari wa kuzaliwa ni kumbukumbu ya nyumbani na si kovu. Uchungu wao ni wa kweli. Lakini mstari huo hauulizi mtu anajisikiaje. Ungekuwa unauliza hivyo, tungehitaji mistari mingi kwa kila mtu.

Wala hauulizi alichezea timu gani. Nimetajiwa mchezaji wa mpira wa kikapu Arvydas Sabonis, mzaliwa wa Kaunas, Lithuania, 1964, eti kwa kuwa alipata dhahabu ya Olimpiki akiwa na jezi ya Umoja wa Kisovyeti mwaka 1988, basi na Kaunas iwe ya Umoja wa Kisovyeti. Mwaka 1992 mtu huyohuyo alipata shaba akiwa na jezi ya Lithuania. Je, alizaliwa upya? Jezi ina mahali pake katika wasifu, uraia una mahali pake, na mji una mahali pake.

Kuna jambo moja ambalo limenitia hasira kuliko yote, na sijaona likizungumzwa. Machi 1949 utawala wa Kisovyeti ulikusanya zaidi ya watu 90,000 kutoka nchi hizo tatu, wengi wao wanawake na watoto, na kuwapeleka Siberia na maeneo mengine ya mbali. Mmoja wao alikuwa mtoto mchanga ambaye baadaye alimzaa Kaja Kallas, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Estonia. Huko uhamishoni pia watoto walizaliwa. Mtoto aliyezaliwa Krasnoyarsk, Siberia, mwaka 1950 kwa wazazi waliochukuliwa Tartu, mji wa Estonia, huyo kweli alizaliwa katika Umoja wa Kisovyeti, na kuandika hivyo ni kusema ukweli wa kilichompata. Lakini ukimwandikia nchi hiyohiyo mtoto aliyezaliwa Tartu kwenyewe, umefanya safari ile ndefu ya treni ya kuwapeleka uhamishoni ionekane kama kuhama kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine ndani ya nchi moja.

Najua atatokea wa kuniuliza kuhusu makoloni. Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, na vitabu huandika Tanganyika, tena chini ya utawala wa Waingereza, nasi hatulalamiki. Hatulalamiki kwa sababu jina la nchi halikufutwa. Hakuna aliyeandika "Butiama, Uingereza". Ninachokiomba kwa Tallinn, Riga na Kaunas hakizidi hapo.

Sisi tunaoandika kwa Kiswahili tuna aibu yetu ya ziada. Maingizo mengi ya wasifu tunayatafsiri kutoka lugha nyingine, na mstari wa kuzaliwa mara nyingi haupiti hata mikononi mwetu, bali unavutwa na programu kutoka hifadhidata ambayo kila mji umewekewa orodha ya nchi na tarehe, mashine ikilinganisha tarehe ya kuzaliwa na orodha hiyo na kutema jina. Mtu mmoja aliijaza orodha ile siku moja, na tangu hapo uamuzi wake umenakiliwa katika lugha kwa lugha, kisha ukaingia katika majibu ya simu zetu, bila mtu yeyote kuulizwa. Nilipomwambia mhariri kwamba chanzo chake na vyanzo vingine vinne alivyonitajia vinatoka katika kisima kimoja, alinijibu kwamba vyanzo vitano vinatosha.

Madai yangu hayahitaji kikao. Mji uandikwe kwanza, kisha nchi ambayo mji huo ulikuwa wake kisheria, kisha, pale inapohusika, maneno machache ya kutaja aliyeikalia, na utaratibu huo utumike kwa Mjerumani, Msovyeti, Mwitalia na Mwindonesia bila kupendelea. Kuandika "Tallinn, Estonia" na kunyamaza sikupendi pia, kwa sababu msomaji kijana atadhani mwaka 1977 palikuwa na nchi huru hapo. Anayeona mstari utakuwa mrefu mno aandike jina la mji peke yake, na habari za utawala azipeleke katika aya ya kwanza, ambako zina nafasi ya kuelezwa.

Wahariri wa maingizo haya wamo humu jukwaani, nami nawafahamu kwa majina yao ya humu ingawa sitawataja. Naomba mmoja wao aweke hapa chini kanuni iliyoandikwa, kama ipo, inayomfanya yule wa Mei 1943 awe na nchi na mdogo wake wa Mei 1953 asiwe nayo. Hadi naandika uzi huu, ingizo langu limefungwa lisihaririwe kwa siku 14, likiwa na mstari wao.