Barabara ikivuka hori: tuta au nguzo?

Mleta hoja, Changamwe
Kila barabara mpya ikitajwa hapa Mombasa, ubishi huwa mmoja: mikoko au malori. Nauliza jambo dogo zaidi. Ikishalazimika kuvuka hori, yaani mkono wa bahari ulioingia bara, ipite juu ya tuta la mawe na maramu lenye kalvati (mabomba ya kupitishia maji chini ya barabara), au juu ya nguzo? Makupa, pale kisiwa cha Mombasa kinapoungana na bara, tuliona. Tuta la zamani lilikata maji baina ya hori la Tudor na la Port Reitz miaka na miaka, hadi likajengwa daraja la mita 457 lililofunguliwa 2022. Tumelipa mara mbili.

Fundi wa barabara
Sheikh, nguzo ni ghali, tusidanganyane. Kila moja hushushwa ndani ya tope hadi kwenye mwamba au udongo mgumu, na zege lazima iwe nene juu ya nondo, maana chumvi hula chuma. Tuta lenye kalvati za kutosha linafaa. Tatizo ni kupima kalvati kwa maji ya mvua peke yake. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, mara mbili kwa siku. Mdomo ukiwa mwembamba, maji hutoka kwa kishindo, huchimba shimo upande wa kutokea, tuta likaanza kuliwa kwa chini. Na sakafu ya kalvati iwe chini kuliko sakafu ya mkondo. Ikiwa juu, bahari ikipwa maji hubaki yamenaswa nyuma.

Mtunza vitalu vya mikoko, Tsunza
Hapo ndipo mchu, aina mojawapo ya mikoko, unapokufa, kaka. Mizizi yake ya kupumulia husimama wima topeni kama penseli. Ikizama mfululizo, au ikizikwa na udongo, mti unakosa hewa: majani manjano, kisha matawi matupu. Kwenye hori la Mwache, udongo ulioteremshwa na mvua za El Niño za 1997 na 1998 uliua mikoko mingi bila shoka kuguswa. Sasa rundika maramu wazi kando ya hori wakati wa masika uone.

Na hilo la “tutapanda mingine” lisitulaze. Miche ikipandwa kwa nafasi ya mita 1 kwa 1 ni 10,000 kwa hekta, tarakimu inayopendeza kwenye ripoti. Lakini mara nyingi huchomekwa aina moja tu, ile iitwayo mkoko wenyewe, kwa kuwa mbegu yake ndefu ni rahisi kushika, hata ukingoni kabisa upande wa bahari, ambapo ni makazi ya aina nyingine, mlilana. Mawimbi yanaing'oa.

Mtetezi wa barabara
Yakhe, mnasema kana kwamba bila barabara hakuna uchafu! Lori lililokwama saa nzima kwenye foleni linatoa moshi na kudondosha dizeli, na mvua inazipeleka hizo dizeli baharini.

Fundi wa barabara
Kweli, ila barabara mpya nayo itadondoshewa. Mitaro isimwagike horini moja kwa moja. Ipitie chemba za kutega mafuta, na awepo wa kuzizoa, la sivyo zinajaa mchanga, na mvua kubwa ya kwanza inasukuma kila kitu nje.

Kuna linalosahauliwa: njia ya muda. Hata daraja la nguzo, mara nyingi kreni hupitia tuta la mawe la kazi. Kazi ikiisha, mawe yakiachwa, tuta mliloliepuka mnalo. Kuliondoa hadi kina cha awali kuwe na bei yake katika zabuni, na mkandarasi azuiliwe sehemu ya fedha mpaka kina kipimwe upya.

Mleta hoja, Changamwe
Basi sharti hilo liingie kwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Chini ya sheria ya mazingira ya 1999, asiyeridhika na leseni ana siku 60 kukata rufaa kwenye baraza la rufaa za mazingira.

Mtunza vitalu vya mikoko, Tsunza
Siku 60 huisha watu wakisoma utangulizi. Ripoti ya athari kwa mazingira ikitoka, fungueni kwanza michoro ya kalvati. Ikikosa kipimo cha maji ya bamvua, anzeni kuandika hapo hapo.