Naandika vitabu vya hesabu vya kanisa, sasa nimeombwa nivikague. Nikubali?

Mtunza Vitabu
Shalom wapendwa. Kanisani kwetu mimi ndiye ninayeingiza hesabu. Baada ya ibada napokea karatasi ya waliohesabu sadaka, naandika daftarini, napanga vocha za malipo, na kila robo mwaka naandaa taarifa. Fedha yenyewe siigusi, hiyo ni kazi ya mweka hazina. Mkaguzi wetu amehama na mkutano mkuu umekaribia. Kamati inataka mimi nisaini ripoti ya ukaguzi wa mwaka, kwa kuwa hakuna anayezijua hesabu hizi kunizidi, na sote tunajitolea tu. Niliposita, mzee mmoja akaniuliza mbele ya wenzake kama nina jambo ninaloogopa. Limeniuma sana. Kama sishiki fedha, kuna ubaya gani hasa? Nataka niwajibu kwa hoja, si kwa kununa.

Mkaguzi Mstaafu
Dada, usisaini. Wala usikubali swali la yule mzee ligeuze mjadala uwe wa uaminifu wako, maana uaminifu wako hauhusiki hapa.

Kutoshika fedha kunakukinga na tuhuma moja tu, ya kuchukua. Mkaguzi ana swali pana zaidi: kilichoandikwa ndicho kilichotokea? Ukijiuliza mwenyewe swali hilo, unajibiwa na akili ileile iliyoandika. Tuseme karatasi ya sadaka ina 5,400 na daftari lina 4,500. Tofauti ni 900. Tarakimu mbili zinazofuatana zikibadilishana nafasi, tofauti hugawanyika kwa 9 daima, na mgeni akiiona anajua pa kutafuta. Aliyeandika anaweza kuupitia mstari huohuo mara nyingi na bado akasoma alichokusudia kuandika.

Hayo ni makosa ya mkono, na ni mepesi. Ya uamuzi ndiyo mazito. Mtu ametoa mchango wa ujenzi, ukaingizwa kwenye mfuko wa matumizi ya kawaida. Jumla italingana na benki bila kasoro. Wewe uliuweka pale kwa sababu uliyoiona njema, na fedha ya ujenzi imelipa umeme. Nani atakuuliza? Mkaguzi ambaye hakuwepo ulipoamua. Kanuni za kimataifa za maadili ya wahasibu, zile za bodi iitwayo IESBA, zinalitaja tishio la mtu kukagua kazi yake mwenyewe, zikilitenga na tishio la masilahi binafsi. Kwa hiyo hata asiyepata faida yoyote anahusika.

Mzee wa Kanisa
Bwana asifiwe. Naafiki, ila wengine tuko wachache mno. Anayejua hesabu ni mmoja, naye ndiye mwandishi. Tufanyeje? Nawakumbusha pia wanaoona ukaguzi ni kukosa imani wasome Ezra sura ya 8. Ezra aliwapimia fedha na dhahabu wakuu 12 wa makuhani, watu aliowaita watakatifu kwa Bwana, na walipofika Yerusalemu zikapimwa upya na uzani wote ukaandikwa. Hakuna kuhani aliyesema ametukanwa.

Mkaguzi Mstaafu
Mzee wangu, badilishaneni na usharika jirani: mwandishi wenu akague vitabu vyao, wa kwao akague vyenu. Hilo likishindikana, chukueni msharika makini asiyekuwa kwenye kamati, hata kama hakusomea uhasibu. Mpeni taarifa za benki zikiwa kamili kama zilivyotoka benki, asipewe kurasa alizochaguliwa na mwandishi. Achague mwenyewe Jumapili kadhaa, afuate karatasi ya sadaka yenye saini za waliohesabu, kisha hati ya kuweka benki, kisha mstari wa daftari. Upande wa malipo, achukue vocha na kuuliza nani aliidhinisha na risiti iko wapi. Kazi hiyo yahitaji subira kuliko shahada.

Mtunza Vitabu
Asanteni mno. Mweka hazina wetu ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Tunaheshimiana na sijawahi kumtilia shaka. Hilo nalo linabadilisha kitu?

Mkaguzi Mstaafu
Linabadilisha, dada, tena sana. Ukikuta pengo utalipeleka kwanza kwenye kamati au kwenye meza ya familia? Usipokuta, nani atakuamini? Kitabu cha Nidhamu cha Kanisa la United Methodist kinataka mweka hazina na katibu wa fedha, yaani anayeandika mapato kama wewe, wasiwe mtu mmoja wala wa familia moja ya karibu. Kwa hiyo hata kabla ya ukaguzi, iombeni kamati ipange upya nafasi hizi mbili. Mwambie shemeji yako wewe mwenyewe, asisikie mkutanoni.

Kwa kamati andika hivi: utakabidhi vitabu, vocha na taarifa za benki kwa mkaguzi watakayemteua, na utakaa naye kujibu maswali yote. Kama mkutano utafika kabla hajapatikana, taarifa yako isomwe kwa jina lake halisi, “taarifa ya mtunza vitabu, haijakaguliwa”, na muhtasari uonyeshe hivyo pamoja na tarehe ambayo ukaguzi utaletwa.

Mtunza Vitabu
Nimeelewa. Naanza na shemeji leo jioni, barua ya kamati itafuata.