Kiharusi: aliyeamka nacho tumjazie saa gani?

Muuguzi_Chake: Asalaam alaykum. Tunakusanya taarifa za wagonjwa wa kiharusi wodini. Wengi wameamka asubuhi na upande mmoja umelegea. Kwenye "saa ya kuanza" tujaze saa waliyoamka?

Mtakwimu_Unguja: Waalaykum salaam. Hapana. Jaza saa ya mwisho alipoonekana mzima, na weka alama kuwa ameamka nacho. Muulize aliyelala naye: alisali Isha? Alikula daku? Aliamka usiku kwenda chooni akatembea vizuri? Adhana inakumbukwa kuliko saa. Kisha geuza mwenyewe: "saa mbili usiku" ya jamaa ni 20:00 kwenye fomu. Hapa ndipo data nyingi huharibika. Kosa la saa 6 linamwingiza ndani ya saa 4.5 tangu kuanza, muda wa kupewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, mtu aliyekwishatoka, au kinyume chake.

Daktari_wa_Wodi: Naongezea: andika pia tarehe na saa ya CT (picha ya ubongo). Ikicheleweshwa wiki moja au zaidi, damu iliyovuja kidogo huweza kufanana na mshipa ulioziba, na aina ya kiharusi ikaandikwa vibaya.

Mtakwimu_Unguja: Na ufuatiliaji wa siku 90, kipimo cha ulemavu cha Rankin, 0 (hana dalili) hadi 6 (kifo). Chukua namba za simu tatu, moja ya jirani, na jina la shehia. Ukipitia kwa sheha, kiongozi wa shehia, sema unamtafuta tu, ugonjwa usiutaje. Asiyepatikana aandikwe hajapatikana, asikisiwe.